Kadi Iliyogeuzwa

Naivasha,
Jumapili, 26 Januari 2025

Mpendwa Guka,

Habari ya huko juu? Natumai baridi ya Sachangwan haijakushinda na kwamba ng'ombe wako Malkia amezaa salama, maana tulipoachana Krismasi alikuwa hata kutembea ni shida. Baba na Mama wako wazima pale Kiamunyi. Baba bado anajenga ule ukuta. Mama ameingia kwaya, anaimba sauti ya pili mpaka akiosha vyombo. Mimi sasa ni mtu wa kidato cha tatu, ingawa mlinzi wa geti bado ananiuliza kama nimekuja kujiunga. Simu ni marufuku kama kawaida, kwa hivyo nimenunua stempu za muhula mzima na nyingi ni zako.

Guka, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Kimberly ambaye mimi nalala kitanda cha chini naye cha juu. Niko klabu ya afya. Niliingia kwa sababu nilidhani kazi ni kufagia na kujaza maji ya kunawa mikono. Kumbe kila Ijumaa mwanachama mmoja anasimama paredi na kuelimisha shule nzima juu ya ugonjwa fulani. Zamu yangu ilipofika, niliamka nikajifunga skafu shingoni, nikaandika kwa karatasi kwamba koo limevimba na sauti imeenda. Nesi wa shule akanipa maji ya chumvi nisukutue asubuhi, mchana na jioni.

Hizo ni siku kumi sasa. Guka, koo haliumi. Halijawahi kuuma. Nasukutua chumvi kwa ajili ya ugonjwa ambao haupo, na nanong'ona hata bwenini. Sasa Kimberly naye akiongea na mimi ananong'ona, sijui yeye anaumwa nini.

Ni kwamba watu wengi wakiniangalia pamoja, macho yao yananipanda kama siafu. Wewe unasimama kanisani unasoma somo kila Jumapili bila kutetemeka. Unafanyaje?

Tafadhali usimwambie mtu. Hata Mama.

Mjukuu wako,
Mugure


Sachangwan,
14 Februari 2025

Kwa Mugure, mwenye jina la nyumba yangu,

Mungu asifiwe, mimi niko. Magoti ndiyo yana maneno mengi, lakini sisi wengine tuko sawa. Malkia alizaa ndama jike, mweusi, mguu mmoja mweupe, nimeambiwa. Viazi vinaendelea vizuri na baridi haijaharibu majani. Mbugua, yule karani wa ushirika wa maziwa, anakusalimu. Barua yako ilifika kwa sanduku la ushirika kama kawaida, akaniwekea.

Mambo ya koo nimesikia. Tulicheka sana. Nilicheka. Chumvi haijawahi kuua mtu, endelea kusukutua, lakini urudishe hiyo sauti kabla hujasahau ulikoiweka.

Unauliza nasimamaje kanisani. Nasimama tu. Ukishajua maneno, watu si kitu.

Samahani mistari ikipanda mlima. Hizi kalamu za siku hizi ni mbaya.

Guka wako,
Ephantus Kihara


Naivasha,
3 Machi 2025

Mpendwa Guka,

Salamu nyingi. Ukuta wa Baba umefika kiunoni. Kwaya ya Mama imeshona sare ya rangi ya maboga. Wote wazima, hata mimi ni mzima, isipokuwa nataka ardhi ipasuke niingie.

Tulipewa mapumziko ya katikati ya muhula, nikaenda nyumbani. Jumamosi kikundi cha kina mama kikakutana kwetu. Watu kumi na wanne, Guka, nimepanga viti mwenyewe. Naingia na chai, Mama ananisukumia kikombe cha tangawizi na asali mbele ya wote, anasema, "Kunywa, mama, hii ni ya lile koo lisilouma."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai kwa zulia.

Nilimfuata jikoni nikamwuliza ameambiwa na nani. Akasema Mbugua wa maziwa alimpigia simu, eti ana wasiwasi mtoto anajifunza kudanganya nesi. Sasa Mbugua alijuaje? Nilikuandikia wewe. Niliandika usimwambie mtu, na nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Niambie tu kwamba uliiacha barua wazi mahali. Ukisema hivyo nitakusamehe leo leo.

Mugure


Sachangwan,
28 Machi 2025

Kwa Mugure,

Mvua imeanza. Matope ya kutoka kwangu mpaka lami yanafika magotini, lori la maziwa lilikwama siku mbili. Malkia anatoa lita kumi na moja. Nimepanda viazi vya pili.

Mambo ya ile barua, kulikuwa na upepo.

Pasaka sitaweza kuja Kiamunyi. Ndama bado ni mdogo.

Mbugua anasema pole. Cheptanui anayeuza mandazi hapo nje pia anasema pole, na anasema hata yeye akiwa shule alikuwa muoga sana na sasa amekuwa mtu mkubwa.

Guka


Naivasha,
4 Mei 2025

GUKA,

HII NI KARATASI YA MANILA NA KALAMU NENE YA KLABU. HERUFI MOJA NI KIGANJA CHAKO. IPELEKE NYUMBANI, KAA KWA MWANGA, ISOME PEKE YAKO. USIMPE MBUGUA.

NADHANI HUONI.

HUKUJA PASAKA. NDAMA "ULIAMBIWA" NI MWEUSI. BARUA YANGU YA KUKUULIZA NANI ANASOMA BARUA ZANGU, WALE WALE WALIISOMA. NA MAMA AMENIAMBIA YA KANISANI.

SIJAMWAMBIA MTU. NIJIBU.

(NAFASI IMEISHA, SALAMU NITALETA NYINGINE.)

MUGURE


Sachangwan,
16 Mei 2025

Kwa Mugure,

Nimeisoma mwenyewe. Sasa acha kupiga kelele.

Ilinichukua asubuhi nzima. Niliitandika kwa nyasi nje, nikaweka mawe kwa kona, nikatembea juu yake herufi kwa herufi kama mtu anayepima shamba. Jirani akauliza kama nimeanza kukausha makaratasi. Nikamwambia ndiyo.

Ni kweli. Ni mwaka wa pili sasa. Ni kama mtu amepumulia kioo na hataki kukipangusa. Taa za malori huko barabarani naziona zimevaa nywele. Watu nawajua kwa sauti na kwa viatu. Mbugua ananisomea barua, na Jumamosi ananisomea somo la kanisani mara tatu mpaka nalishika. Kesho yake nafungua kitabu, nageuza karatasi moja, naangalia chini, nalisema. Ndiyo maana nilikuambia ukijua maneno watu si kitu.

Ya kanisani ni kwamba mchungaji alibadilisha somo kwa sababu ya wageni wa mavuno, akaninong'onezea dakika ya mwisho. Ningefanya nini? Nikasimama nikawapa gharika yote niliyokuwa nimeishika, wanyama wawili wawili, mpaka upinde wa mvua. Watu wakasema amina. Mtoto mmoja tu wa shule ya Jumapili ndiye aliuliza kwa sauti, "Kwani mavuno yalisombwa?"

Sasa nikwambie lingine kwa sababu tumeshaanza. Kuna mama mmoja hapa, Jepleting, mhudumu wa afya ya jamii. Anatembea nyumba kwa nyumba na mkoba wake, anapima presha, anauliza kama mtoto amechanjwa na choo kiko wapi. Wiki mbili zilizopita alikuja pale kwa maziwa na kadi yenye herufi moja tu, ile E, imerudiwa imelala kila upande. Unasimama hatua kadhaa, unaonyesha kwa mkono miguu ya E imeangalia wapi. Mbugua alinitangulia. Akasema juu, kulia, kulia, chini, kushoto. Mimi nilikuwa nyuma yake nikiokota majibu.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya kanisani: juu, kulia, kulia, chini, kushoto. Mkono nao ukaenda vizuri.

Jepleting akashusha kadi. Halafu akaja karibu ili wengine wasisikie, akasema, "Mzee, kadi nimeigeuza."

Nikamwambia nina haraka, ng'ombe ananingoja. Akasema tarehe tano Juni kuna kambi ya macho kwa kituo cha afya, madaktari watatoka Nakuru, na hakuna malipo. Nikamwambia tarehe tano navuna viazi. Akauliza, "Vile ulipanda juzi?"

Hata hivyo niko na kazi nyingi. Usimwambie Baba yako, ataleta gari na kelele.

Guka


Naivasha,
25 Mei 2025

Mpendwa Guka,

Salamu zile nilikuwa na deni nazo ndizo hizi. Baba mzima, ukuta umekamilika, sasa anasema haukuwa mahali pake. Kimberly anakusalimu, hajui kwa nini namwandikia mtu kwa manila. Barua hii peke yake itamaliza karatasi tano. Mwalimu wa klabu anadhani nachora mabango ya miguu ya wadudu.

Niliuliza nesi wetu habari ya kioo kilichopumuliwa, nikajifanya ni swali la klabu. Alisema hiyo inaonekana kama mtoto wa jicho. Alisema siku hizi wanaondoa ule ukungu na kuweka lenzi ndogo, na wengi wanarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini alisema pia kuna ugonjwa mwingine wa macho unaokuja polepole hivyo hivyo, na huo ukikuibia hakirudi kitu, kwa hivyo mtu asikae akikisia. Akasema lazima daktari aangalie na ile taa yake. Guka, nilirudi bwenini nikatoa manila hapo hapo.

Sasa sikiza. Tarehe kumi na nne Juni ni siku yetu ya afya. Geti linafunguliwa, watu wanatoka mitaa yote ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, wazazi wanakuja. Kimberly ndiye mwenyekiti wa klabu na ameniomba niongee juu ya macho, kwa kipaza sauti. Nimekataa mara mbili. Mara ya pili nilijificha kwa stoo ya mifagio.

Ukienda kwa Jepleting tarehe tano, nitatoka kwa stoo.

Usipoenda, nitaandika manila nyingine, na hiyo nitaituma kwa Baba.

Mugure wako


Sachangwan,
8 Juni 2025

Kwa Mugure,

Shosho wako, mke wangu uliyepewa jina lake, alikuwa akinitisha hivyo hivyo, Mungu amrehemu. Hilo jina lilikuwa na kazi.

Nimeenda. Jepleting alikuja asubuhi saa mbili na bodaboda mbili, moja yake, moja yangu, kabla sijapata sababu. Tulikuwa wengi. Wazee niliodhani wananidharau kwa sababu hawanisalimii barabarani, kumbe nao walikuwa hawanioni! Tulisalimiana pale kwa benchi kama watu waliotoka ng'ambo.

Daktari alikuwa msichana mdogo, sauti yake ni kama yako. Akaniwekea matone, akaniangalia na taa mpaka nikadhani anatafuta mawazo yangu. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na nyuma yake jicho lenyewe ni zima. Nikamwuliza mara mbili hilo la nyuma. Akasema, "Ni zima, Guka." Aliniita Guka bila kuambiwa.

Wameniandikia upasuaji, jicho la kulia kwanza, tarehe moja Julai, huko Nakuru mjini. Nimemwambia Baba yako mwenyewe. Ataleta gari, na kelele ameshaanza kuleta kwa simu.

Basi, toka kwa stoo.

Guka


Naivasha,
15 Juni 2025

Mpendwa Guka,

Sote tu wazima na manila hizi naandika mbio, kwa hivyo herufi zikienda upande si kalamu.

Nikuambie jinsi ilivyokuwa. Uwanja ulijaa. Walikuwepo kina mama na watoto mgongoni, wazee wa kanisa, vijana waliokuja kwa sababu ya soda. Kimberly akanitaja jina, akanisukuma kidogo mgongoni. Nikashika kipaza sauti. Nikaangalia. Siafu wakaanza kupanda, Guka, kutoka kwa vidole vya miguu.

Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri kwa karatasi mbili, Kiswahili mbele, Kiingereza nyuma. Yote ikaenda. Neno moja tu ndilo lilitoka: "Fungeni macho."

Nakuapia sikuwa nimepanga. Nilitaka tu wasinione. Lakini walifunga! Uwanja mzima, hata mwalimu mkuu, hata yule mlinzi wa geti. Na mara tu walipofunga, siafu wakashuka.

Nikaendelea kwa sababu sasa nilikuwa peke yangu. Nikawaambia, "Barua ya mjukuu wako imefika. Isome." Wakacheka. Nikawaambia, "Mtu amekusalimu barabarani. Ni nani?" Hawakucheka sana. Nikawaambia, "Umesimama kanisani na kitabu mkononi, na watu wanakungoja." Hapo hata vijana wa soda wakainamisha vichwa. Sikutaja jina lako, wala Sachangwan. Nikasema kuna mzee aliyeishi hivyo miaka miwili bila mtu kujua, kwa sababu alikuwa na akili nyingi kuliko wote waliomzunguka. Nikaeleza mtoto wa jicho ni nini, na kwamba kuna ule mwingine usiongoja. Halafu nikasema, "Fungueni," na nilipoona wote wananiangalia nikakimbia kwenda kukaa. Hata kuaga sikuaga.

Tulikuwa na meza yenye majina ya wahudumu wa afya ya jamii wa kila mtaa, na kliniki ya macho iko wapi na siku gani. Nilijificha nyuma yake. Mama mmoja wa makamo, aproni ya kazini bado iko kiunoni, akaja akaniuliza polepole, "Ni wewe ulikuwa unaongea? Huo ukungu uliousema, mimi niko nao. Nilidhani ni maji ya dawa ya maua." Nikamshika mkono nikampeleka kwa mhudumu wa mtaa wake. Hakutaka niuachie, kwa hivyo nikakaa naye mpaka akapimwa. Tuliongea nusu saa. Jina lake ni Akoth, ana watoto wanne, na anadhani mimi ni mtu wa maneno mengi.

Tarehe moja Julai nitakuwa darasani, lakini sitasikia chochote kinachofundishwa.

Mugure


Sachangwan,
13 Julai 2025

Mpendwa Mugure,

Angalia huu mstari. Umenyooka. Nimeandika na ile ile kalamu.

Walinitoa bandeji kesho yake asubuhi. Kitu cha kwanza nilichoona ni uso wa Baba yako, na nikamwuliza ni lini alizeeka. Amekasirika kidogo mpaka leo. Nilirudi nyumbani nikakuta buibui wamejenga mtaa mzima juu ya kitanda changu. Watu wanaingia na kutoka humu miaka miwili, wanakunywa chai yangu, na hakuna hata mmoja aliyesema! Mbugua ana mvi. Mimi huwa namwita kijana mbele ya watu.

Jumapili nilisoma somo la mchungaji, lile lenyewe, sikulijua hata neno. Nilikwama mahali pawili. Sijawahi kusoma vibaya hivyo, na sijawahi kufurahi hivyo. Jepleting amenipa kazi. Akienda kwa nyumba ya mzee mkaidi ananibeba kwa bodaboda, mimi naingia kwanza, naongea mambo ya ng'ombe. Tumeshapata watano. Mmoja alijaribu kukariri kadi. Nilimwacha amalize yote.

Sasa jambo la kweli.

Jicho la kushoto ni tarehe kumi na mbili Agosti. Mtakuwa mmefunga shule. Mara ya kwanza kila mtu alisema nilikuwa jasiri, hata daktari. Sikuwa jasiri. Nililala pale na sikuona kitu, vivuli tu. Mara hii nitalala na jicho moja zima linalojua kinachokuja.

Nilimwambia Jepleting ni viazi, na kwenu nikasema ni ndama. Ilikuwa uoga, Mugure. Miaka miwili nilipotea kwa ukungu kwa sababu niliogopa sindano ya jicho. Hiyo sijamwambia Baba yako, na Mbugua hajaiona barua hii.

Wanaruhusu mtu mmoja kukaa hapo kwa mlango, karibu, ambapo sauti inafika. Baba yako ataniambia nijikaze. Sitaki kuambiwa nijikaze. Nataka wewe ukae hapo uongee, kuhusu Kimberly, kuhusu ukuta, kitu chochote, usinyamaze mpaka watakapomaliza.

Utaweza?

Guka wako,
Ephantus Kihara


Naivasha,
20 Julai 2025

Mpendwa Guka,

Nitaweza. Nimeanza kuandika orodha ya mambo ya kusema na nimefika ukurasa wa sita, na bado sijafika kwa ukuta.

Mugure